Bi Mashavu na Eda za Watu

Kwa mwaka mzima kasoro wiki chache, mimi mtu mzima mwenye akili timamu na masharubu niliamini kwamba Bi Mashavu anakula waume za watu. Si kuwala kwa meno, la. Hata ujinga una kiasi chake. Niliamini kwamba ameolewa na jini wa baharini huko kwao Kigombe, na kwamba jini huyo, kila baada ya miezi minne na siku kumi, hutaka aletewe roho ya mume wa mtu, na ukimpelekea ya mseja anakurudishia. Niliamini kwamba Bi Mashavu akikanyaga baraza la nyumba yenye mgonjwa, mgonjwa yule hana tena haja ya kumaliza dawa yake. Na niliamini kwamba ndani ya furushi alilobeba kichwani amehifadhi kiatu cha kushoto cha kila marehemu. Hili la viatu, niseme mapema nisije nikaulizwa mbele ya haki, nililitunga mwenyewe. Nililitunga Jumatatu ili kunogesha maneno, na kufika Alhamisi nilikuwa nimeliamini kuliko wote niliowasimulia.

Kilichonirudisha huko ni kifo cha Shabani, fundi baiskeli, niliyepanga naye nyumba moja ujanani. Tumemzika mwezi uliopita. Mwanawe kajaliwa, ana nyumba Raskazone yenye vyumba vingi hata nikaogopa kwenda chooni nisije nikapotea nikatangazwa redioni. Matanga yalikuwa mazuri, kama matanga yanaweza kuwa mazuri. Pilau ilipopita nikamuuliza mke wa mwanawe, binti mpole tu, "Nani anamkalia mama yenu eda?" Akanitazama. "Kumkalia vipi, babu?" Nikamweleza kwamba zamani mjane mwenye eda hakuachwa peke yake. Alitafutiwa mwanamke mtu mzima, asiye na mume wa kumwita nyumbani, akae naye chumbani miezi minne na siku kumi, amchemshie maji ya kuoga, ajibu hodi kwa niaba yake. Yule binti akacheka kwa adabu. "Sisi tupo, babu. Na msichana wa kazi yupo. Na televisheni ipo." Jibu zuri, sina neno nalo. Lakini nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki, sinia likaja mbele yangu, na mimi ambaye sijapata kukataa pilau tangu Mungu aniumbe, siku ile nilikunja mikono.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilipanga Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya kumi na tatu, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na nyuma uani penye jiko, choo na mti mmoja wa mlimau uliozaa miiba tu. Mchana nilifanya kazi bandarini, kwenye ghala la mkonge, nikipiga chapa za wino mweusi kwenye robota. Baada ya magharibi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya usiku, darasa la mwisho, na kwa majivuno niliyokuwa nayo ungedhani serikali inanisubiri mimi nimalize ndipo ianze kazi. Chumba changu kilikuwa kidogo hata nikiwaza jambo kubwa ilinibidi nifungue dirisha. Kilipakana na chumba cha wenye nyumba, Mzee Sefu na mkewe Bi Tatu, na kuta za nyumba zile hazikufika juu. Ziliishia chini ya boriti, kisha ukaja uwazi mtupu hadi kwenye makuti. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita humwombea rehema. Kwa hiyo niliyoyasikia mwaka ule sikuyasikia kwa kudukua. Yalinijia yenyewe kama moshi.

Mzee Sefu alikuwa seremala, na mwaka ule ulimkuta miguu imevimba na pumzi haitoshi. Alikaa kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, akamwagiza Bi Tatu hiki na kile, na Bi Tatu, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa nazi, akaleta hiki na kile. Hawakuwa na mtoto. Siku moja kabla ya mvua za masika, tumekaa barazani mimi na Shabani, akaja mwanamke mrefu, mkavu, mashavu yameingia ndani kana kwamba jina lake lilimdhihaki, amevaa nyeupe tupu na furushi kichwani. Umri wake ulikuwa sitini hivi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akatua furushi lake taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Nimesikia Mzee Sefu hawezi kidogo," akasema. "Nimekuja kumtazama Bi Tatu, huenda ana nguo za kufuliwa."

Alipoingia ndani Shabani akanishika goti. "Keshafika."

"Nani?"

"Humjui? Alikwenda kwa fundi cherehani barabara ya saba, mtu mzima anatembea. Wiki ya tatu wakamtoa kwa jeneza. Kabla yake muuza samaki wa kumi na moja. Tazama nguo alizovaa, Bakari. Nguo za eda hizo. Kila anapotoka anatoka na nguo za mjane."

"Huenda kapewa."

"Kapewa na nani? Kwa nini?" Na Shabani, ambaye hakuwahi kujua kwa nini gurudumu la baiskeli ni la duara, akaniambia habari za jini wa Kigombe kana kwamba walikwenda chuoni pamoja. Nilipata neno likiwa dogo kama kuku. Nilipolifikisha shuleni jioni ile lilikuwa limekua ngamia, tena ngamia mwenye shehena.

Mzee Sefu alikufa Juni, masika yakiwa yanaaga, siku ambayo maji yalipita ukumbini na tukawa tunamshusha kitandani huku ndara zetu zinaelea. Mgonjwa wa moyo, sasa najua, aliyekuwa anakufa tangu mwaka uliotangulia. Lakini Shabani alinitazama juu ya jeneza, nami nikatikisa kichwa, tukaelewana kama wataalamu wawili. Baada ya hitima wanawake wakatawanyika kurudi kwa waume zao, Bi Tatu akavishwa nyeupe akaingizwa chumbani, na Bi Mashavu akatandika mkeka wake kando ya kitanda cha mjane. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Sijapata kuona mtu anayeijua kazi yake kama yule. Mwanamume hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na mwenye eda, na sisi wapangaji wanaume tulikuwa watatu wenye choo kimoja, basi Bi Mashavu akatuwekea sheria: anayetaka kupita uani akohoe mara mbili ukumbini, angoje. Nilikohoa mwaka ule hata daktari wa bandari akataka kunipima kifua. Alfajiri alimchemshia Bi Tatu maji yenye majani ya mrehani. Mchana alipika, nami nilikuwa nalipia chakula nyumba ile tangu zamani, kwa hiyo nikala mkononi mwa mwanamke niliyeamini ni mshenga wa mauti. Kila sahani ilipokuja niliisomea Ayatul Kursiy kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nikailamba. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, aliokamulia ndimu. Kunde za nazi. Siku ya Ijumaa, wali na samaki wa kupaka, ngozi imeungua kidogo kando kando. Nilijituliza kwamba mimi si mume wa mtu. Naye alikuwa akisimama mlangoni, sahani imefunikwa kwa kawa, akiniuliza, "Jana nilizidisha chumvi, mwanangu?" na mimi namjibu hapana, huku nimekunja vidole vya mguu wa kushoto ndani ya kiatu.

Alasiri za Jumapili sikuwa na kazi wala shule. Nilijilaza na kitabu changu, na juu ya ukuta yakaja maneno yao wawili, pamoja na mlio wa ukili wanaosuka. Ilikuwa Septemba nilipomsikia Bi Tatu akiuliza, "Zimebaki ngapi, somo?"

"Arobaini na mbili."

"Alhamdulillahi. Miguu yangu imesahau njia ya sokoni."

Bi Mashavu akaguna. "Weye unasema alhamdulillahi," akasema. "Miye ningezifunga kamba zisitembee."

"Si uende Kigombe kwenu?"

"Kigombe pana nani? Pana kaburi la mama na nyumba ya kaka. Kaka kafa, nyumba wanayo wanawe. Mwaka juzi nilikwenda nikakaa siku tatu. Ya nne mke wa yule mkubwa akaniuliza, shangazi, unaondoka asubuhi au jioni?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asubuhi. Jioni ningemlia chakula chake cha mchana, ingekuwa aibu." Wakacheka, kicheko kidogo cha puani. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile ya kusuka. Mume wa kwanza alimwacha kwa kuwa hakuzaa. Wa pili alikufa, na wanawe wa mke mkubwa wakaja na mkokoteni kabla ya arobaini. "Eda yangu mwenyewe, Tatu, niliikalia chumba cha kuazima, nikijibu hodi mwenyewe. Mtu anabisha, nasema, mwenye eda hatoki, ananiuliza, na weye unayesema ni nani?"

Ukili ukasuguana kwa muda. Ndipo Bi Mashavu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Muuza maji kaniambia barabara ya tano Mzee Omari kifua kinambana."

"Zuhura ana mtu?"

"Hana. Hana binti, na dada zake wote wameolewa." Akajikatiza mwenyewe. "Astaghfirullahi. Tazama nilivyokuwa, Tatu. Nakaa nikiwapima watu na pumzi zao."

Wewe unayesoma umeshaelewa, hata kama hukusoma shule ya usiku wala ya mchana. Mimi niliyekuwa nimebakiza miezi mitatu kupata cheti niliketi kitandani nywele zimesimama kama miiba ya nungu. Kati ya maneno yote yale, kaburi la mama, mkokoteni, hodi isiyo na wa kuijibu, sikio langu lilichagua mawili tu: nawapima watu. Nimewahi kuona kipofu akitambua kitambaa kwa kukigusa, na nimejiona mimi mwenye macho mawili nikipewa maisha ya mtu mzima, neno kwa neno, juu ya ukuta, nikayaweka kando kama maganda ili nibaki na jini. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani jini lilikuwa rahisi zaidi kuishi nalo. Ukiamini kwamba mwanamke ana jini, huna haja ya kujiuliza atalala wapi.

Jumatatu, kabla ya kuingia darasani, nilikwenda barabara ya tano. Bi Zuhura, mke wa Mzee Omari, alikuwa ukumbini akimpikia mgonjwa uji wa mtama. Nikajitambulisha kuwa ni mtu wa elimu.

"Mama, atakuja kwako mwanamke mrefu mwenye furushi. Usimfungulie."

"Mashavu? Mashavu namjua. Alimkalia mama mdogo wangu."

"Na baba mdogo yuko wapi?"

Akaacha kukoroga. Nami nikaona neno limeingia, na badala ya kutosheka, kama ilivyo tabia yangu, nikaongeza nazi. Nikamweleza viatu. Nikamweleza kwamba cha fundi cherehani ni cha ngozi na cha muuza samaki ni kandambili, na kwamba usiku huvipanga mlangoni kama watu wanaokwenda kuswali. Bi Zuhura akaweka mwiko chini, akaingia chumbani kwa mumewe, akatoka na viatu vyake vyote mkononi, akaenda kuvificha ndani ya pipa la unga. Nilirudi shuleni nimechangamka, na siku ile mwalimu akanisifu kwa insha.

Siku mia na thelathini za Bi Tatu zikaisha Oktoba. Wakaja wanawake alfajiri, wakamkogesha, wakamvika kanga mpya zenye maua mekundu, wakamtoa ukumbini akipepesa macho kwa mwanga, na mikate ya sinia ikaliwa hadi barazani. Nguo zake nyeupe za eda, kama desturi ilivyokuwa, akapewa aliyemkalia. Bi Mashavu alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja pembe kwa pembe. Yeye hakula mkate. Alikuwa anatazama mlango wa mbele, alikosimama Hamadi, mpwa wa Mzee Sefu aliyeishi Pongwe, aliyekuja na mkewe na kitanda chao juu ya gari. Nyumba ilikuwa ya mirathi sasa, na Bi Tatu asiye na mtoto alikuwa na fungu dogo ndani yake, tena fungu la nyumba huwezi kulikata ukalilalia. Nilimsikia Bi Tatu ukumbini akisema, "Hamadi mwanangu, chumba changu kinatosha wawili. Mwache Mashavu akae nami."

"Mimi sina ubaya, mama," Hamadi akajibu. "Lakini nina mke, na mke wangu ana masikio. Hataki nilale nyumba moja na huyu bibi."

"Masikio yake yamesikia nini?"

"Mama, usinitie maneno mdomoni. Barabara nzima inajua."

Barabara nzima ilijua kwa sababu niliipitia yote. Bi Mashavu alikunja mkeka, akapanga vitu vyake, akamshika Bi Tatu mkono, akaniambia mimi, "Haya mwanangu, soma sana," akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua kali. Nikatazamana na Shabani, tukamfuata kwa mbali, kama watu waendao shughuli zao, maana tulijua anakwenda barabara ya tano, na tulitaka kuona.

Bi Zuhura alikuwa amejiandaa. Alipoona kivuli kirefu barazani alitokea na chetezo cha uvumba mkono mmoja na bakuli la chumvi mkono mwingine.

"Zuhura, mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?" akasema Bi Mashavu.

"Hajambo. Na ataendelea kuwa hajambo. Usiingie."

"Nimekuja kukusaidia kufua."

"Sina nguo chafu."

"Nyumba ya mgonjwa isiyo na nguo chafu?" Bi Mashavu akajaribu kutabasamu. "Basi nitakaa hapa barazani nipumzike. Nimetoka barabara ya kumi na tatu kwa miguu."

"Ukikaa nitaita watu." Na watu, kwa kweli, walikuwa wameshafika bila kuitwa. Bi Zuhura akarusha chumvi. Ilimwingia machoni. Bi Mashavu akarudi nyuma hatua mbili, kisigino kikakosa ukingo wa baraza, akaanguka kwa kukaa mchangani, na furushi likafunguka mbele ya barabara nzima. Nilinyoosha shingo kuliko wote. Kulikuwa na mkeka, sufuria ndogo, chanuo, kata ya kuogea, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye jani, na nguo nyeupe zilizokunjwa vizuri, za wajane wanne au watano. Ndiyo yote. Alianza kuviokota kwa kupapasa, maana chumvi ilikuwa haijamtoka machoni. Hakuna aliyeinama kumsaidia. Mtoto mmoja akauliza, "Viatu viko wapi?" na Shabani, Mungu amrehemu, akajibu kwa uhakika kabisa, "Kavihamisha." Nami nilipumua. Nilikuwa nimeanza kuona haya kidogo, na neno lile likaniokoa.

Mzee Omari alipona. Daktari alimchoma sindano kwa siku kumi na kifua kikafunguka, lakini sindano hazikupewa sifa hata moja. Nilialikwa nikapikiwa biriani. Nilikaa kulia kwa mgonjwa, nikasimulia upya tangu mwanzo, na kila mke wa mtu aliyenisikia akarudi kwake na habari. Kufika Novemba hapakuwa na mlango Ngamiani ambao ungemfungulia Bi Mashavu, kwenye ugonjwa wala kwenye uzima. Alijaribu Chumbageni, wakawa wameshasikia. Maneno yangu yalikuwa na miguu kuliko yeye.

Nyuma ya ghala letu la mkonge palikuwa na ukuta wenye paa la bati lililochomoza kama hatua mbili, na chini yake walilala wanawake. Nilikuwa nimewapita miaka miwili bila kuwaona, kama mtu anavyopita magunia. Walikuwa wanne, watano, watu wazima wote, wakiokota makapi ya mkonge yaliyomwagika wakisokotea kamba. Mmoja alikuwa ameachwa Muheza, mmoja mumewe alikwenda Mombasa akasahau kurudi, mmoja hakusema, alikuwa anakohoa tu. Vuli ilipoanza nikamwona wa sita. Mvua za mwaka ule zilikuja na upepo ubavuni, na bati la hatua mbili halizuii mvua ya ubavuni. Alikuwa amevaa nguo za eda mbili, moja juu ya nyingine, na zote zimeshika rangi ya vumbi la mkonge.

"Bakari," akaniita. Nilikuwa na kopo la wino mkononi. "Mwanangu, leo hata salamu?"

Nikamwambia shikamoo nikiwa nimesimama mbali, mbali kiasi cha robota tatu.

"Marahaba. Unakula wapi siku hizi?"

"Kwa mama ntilie."

"Anakuzidishia chumvi?" Akangoja nicheke. "Mwambie Tatu miye sijambo. Usimwambie nilipo." Kisha akashikwa na kikohozi, akageuka ukutani kwa adabu ili asinikoholee. Nilikuwa na mkate wa mofa mfukoni. Sikumpelekea. Niliuweka juu ya robota, nikamwonyesha kwa kidole, nikarudi kazini nikikaza mwendo. Nilijiambia kuwa nimefanya wema. Nimeishi kuona watoto, wajukuu, na meno yangu yakianguka moja moja, na katika mambo yote niliyoyatenda hakuna ninalolitazama mara nyingi kama ule mkate juu ya robota.

Desemba, wiki ile ile niliyokabidhiwa cheti, nilipita nyuma ya ghala asubuhi nikaona watano. Yule wa Muheza alikuwa akisokota kamba. Nikamuuliza mrefu yuko wapi.

"Kapumzika," akasema bila kuinua macho. "Juzi. Tulimwamsha mvua ilipokatika, hakuamka. Watu wa msikitini wamekuja na jeneza lao. Tuliwapa nguo zake wamshonee sanda, wakasema zimechafuka, wakanunua nyingine." Akavuta uzi kwa meno. "Alikuwa anatuchemshia maji, kila alfajiri. Sijui maji aliyapata wapi."

Unadhani hapo ndipo nilipoelewa. Laiti. Nilirudi barabara ya kumi na tatu natembea kama bwana harusi, cheti kimekunjwa mfukoni, na habari mdomoni. Hamadi alikuwa ameuza nyumba. Mnunuzi alitutaka sote tuhame kabla ya mwezi kuandama, na Bi Tatu alikuwa ukumbini juu ya sanduku lake la bati, kanga zake za maua mekundu zimepauka, akingoja lori la kwenda Moa, kwa mdogo wake wa kiume ambaye alikuwa amekubali, baada ya barua mbili nilizomwandikia mimi mwenyewe, kumpa kona ya jikoni. Vyumba vyote sita vilikuwa wazi. Sauti yangu ilipanda hadi kwenye makuti ikarudi.

"Bi Tatu, nimekuja na habari njema. Waume wa Tanga tumepona. Mla watu amekufa."

"Nani?"

"Bi Mashavu. Juzi, nyuma ya ghala letu. Jini lake limebaki mjane."

Nilicheka peke yangu. Bi Tatu alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu vya tope na hajajua. Kisha akasogea, akanipa nafasi juu ya sanduku nikae, nikakaa.

"Bakari, Mashavu hakuwa na jini," akasema. "Anayemkalia mwenye eda hupewa chakula na mahali pa kulala. Ndiyo maana alikuwa akiulizia wagonjwa. Hakuwa na kwao."